Maji ya Moto Chini ya Mkunazi

Bi Asya binti Harub si mtu wa kuogopa ovyo. Nalisema hili mapema, kwa sababu watakaosikia habari hii watataka kumfanya kikongwe wa kuona vivuli, na mimi sitaki. Huyu ni mwanamke aliyekaa miaka mingi kwenye ubao wa simu wa ofisi moja ya serikali hapa Ibra, Oman, tangu zama za nyaya za kuchomeka kwa mkono, akiwaunganisha mabwana wakubwa na mabwana wakubwa zaidi, na hakuna aliyewahi kumfokea mara mbili. Watu walipiga simu kutoka Sur na Nizwa wakauliza kwanza, "Yule bibi yupo leo?" ndipo wakasema shida yao. Alimzika mume, akalea binti peke yake, akajifunza kuendesha gari na mvi zimeshamtoka. Mtu wa namna hiyo hababaishwi na paka mweusi.

Lakini maji ya moto aliyaogopa, na hofu hiyo aliitoa mbali. Alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Mkunazini, katika nyumba ya bibi yake, Bi Tamima, ambaye hakumwaga hata kikombe cha maji ya moto bila kuomba njia. Bi Tamima alikuwa akisimama kwenye kizingiti cha ua, sufuria mkononi, akasema, "Tupisheni, wenyewe, yapite maji ya moto." Kisha akangoja kidogo, kadiri ya mtu kukusanya nguo zake akasogea, ndipo akamwaga.

Wenyewe ni wale wasiotajwa kwa jina. Ukiwataja umewaita, na ukiwaita sharti uwe na la kuwaambia. Wanakaa chini ya miti mikongwe, penye maji machafu, penye magofu, na wana watoto kama sisi na wazee wasiosikia vizuri kama sisi. Ukimwaga maji bila ya kusema, utambabua mtoto wa mtu, na mtoto wa mtu hulipwa kwa mtoto wa mtu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa Asya mdogo, naye akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza.

"Na wakijibu, bibi?"

"Hawajibu. Adabu yao ni kusogea kimya." Bi Tamima alipepeta mchele wake kwa muda, kisha akaongeza, "Ukijibiwa, mwaga maji yako, shika njia uingie ndani. Usigeuke kumtazama aliyejibu."

Baada ya mapinduzi watu wa nyumba ile walitawanyika, wengine Mombasa, wengine Dubai, na Asya na wazazi wake mwisho wakafika Oman, nchi ambayo waliambiwa ni yao na ambayo hawakuijua hata harufu yake. Bi Tamima alibaki na akazikwa huko huko. Kilichosafiri ni maneno yake.

Sasa nyumba. Wiam, binti pekee wa Bi Asya, ni mfamasia, na mumewe Yaqoob anafanya kazi kwenye kambi ya watalii huko jangwani, Al Mintirib, hurudi nyumbani Alhamisi jioni na mchanga masikioni. Walipopata kiwanja nje kidogo ya Ibra, walikuta mkunazi mmoja umesimama peke yake pembeni, mzee, shina limejisokota, matawi yamejaa miiba. Dereva wa katapila alikuja kuung'oa. Akauzunguka, akazima mashine, akasema tumbo linamuuma. Akaja mwingine, naye akasema mtambo umeharibika, ingawa aliondoka nao ukinguruma vizuri. Yaqoob haamini kitu chochote asichoweza kukifunga kamba akakivuta kwa gari, lakini hata yeye alichoka kubembeleza madereva, akamwambia fundi aupindishe ukuta. Mpaka leo ukuta wa ua wao umenyooka mbele, umenyooka nyuma, na pembeni umeingia ndani kuupisha mti, na nusu ya kivuli cha ule mti inaanguka uani.

"Nilizaliwa Mkunazini, nimerudishwa mkunazini," alisema Bi Asya siku walipohamia, akacheka mwenyewe. Wiam hakuelewa mzaha. Kiswahili cha Wiam ni cha kuombea chai na kuulizia funguo.

Mtoto wao, Lamees, ndiye aliyekuwa na Kiswahili. Mama yake alishinda dukani kwenye dawa, baba yake jangwani, na yeye alishinda mgongoni kwa bibi yake, kwa hiyo maneno yake ya kwanza yote yalikuwa ya bibi yake: maji, bibi, paka, sitaki, nipe. "Sitaki" aliisema vizuri kupita yote. Wiam alikuwa akinung'unika kidogo, "Mama, huyu atakwenda skuli hajui Kiarabu, ya'ni watamcheka," na Bi Asya akimjibu kwamba yeye mwenyewe alichekwa na hakufa.

Ijumaa ya kwanza ya hali ya hewa ya baridi, Bi Asya aliamua kupika biriani uani, kwenye jiko la gesi lililowekwa nje kwa ajili ya masufuria makubwa. Wanaume wako msikitini, mtoto amelala ndani, Wiam anakata vitunguu. Wali ulipofika nusu kuiva akaubeba kuuchuja. Hakutaka kuyamwaga maji kwenye sinki, bomba za plastiki haziyawezi, akaenda pale ukuta ulipopinda, chini ya kile kivuli. Akasimama. "Tupisheni, wenyewe, yapite maji ya moto." Akangoja, kadiri ya mtu kukusanya nguo zake. Akamwaga.

Ikatoka sauti. Nyembamba, kutoka chini, ya kitu kilichoungua. Huenda ilikuwa hewa iliyokuwamo ardhini ikitoka kwa joto. Huenda alikuwa paka upande wa pili wa ukuta. Bi Asya alipata kuyafikiria haya yote baadaye, mara nyingi, na hakuna hata moja lililompa usingizi, kwa sababu kabla mvuke haujatulia Lamees alipiga ukelele ndani ya nyumba, ukelele ambao hajapata kuupiga. Walipomkimbilia alikuwa amekaa kitako kitandani, macho wazi, anaitazama miguu yake.

Jioni homa ikampanda. Hospitali wakasema ni homa ya watoto, itapita, na kweli ilipita. Lakini ilipopita ilipita na maneno yake. Akitaka maji alikuvuta mkono. Akikataa kitu aligeuza uso. Ile "sitaki" ambayo nyumba nzima ilikuwa imeichoka, Bi Asya angetoa bangili zake zote aisikie mara moja tu.

Ghanima alikuja kumtazama mgonjwa. Huyu ni jirani, mwanamke wa Ibra, na bibi wa bibi yake pia wa Ibra, anayeuza ubani na wanja kwenye soko la wanawake la Jumatano, na Kiswahili hajui hata neno. Alikaa kwenye mkeka, akanywa kahawa, akamtazama mtoto, akautazama mti kupitia dirishani. Kisha akauliza kwa Kiarabu chake cha polepole kama kuna aliyemwaga kitu pale.

"Maji ya wali," alisema Bi Asya. "Lakini niliomba njia."

"Ulisema bismillahi?"

"Bismillahi niliisema moyoni. Kuomba njia niliomba kwa sauti, kama alivyonifunza bibi yangu."

"Moyo anausikia Mungu, wao hawausikii," alisema Ghanima. "Hayo ya sauti uliyasema kwa lugha gani?"

Bi Asya alifungua mdomo kujibu, na kabla jibu halijatoka alikwisha elewa.

"Kiswahili," akasema.

Ghanima alikiweka chini kikombe. "Dada yangu, wa hapa hawakwenda Zanzibar. Waliokwenda Zanzibar ni watu. Hawa walibaki."

Mwenye kucheka na acheke. Mimi nilipohadithiwa nilicheka, kisha nikaacha. Kwa sababu hebu fikiri: mtu amekaa kwake chini ya mti wake, tangu falaji, ule mfereji wa kale wa maji, haijachimbwa, na watoto wake wamelala. Anatokea mgeni na sufuria, anapiga kelele kwa lugha ngeni, anangoja kidogo kana kwamba ameshatimiza wajibu, kisha anamimina moto. Bi Asya alijiona vile walivyomwona wao. Alikuwa ameomba njia kwa adabu zote za Mkunazini, na hakuna aliyemwelewa.

"Sasa nifanye nini?"

Ghanima alimwambia apeleke wali usiotiwa chumvi, kwa kuwa chumvi hawali, awape pole kwa Kiarabu, na toka hapo asiwasemeshe tena lugha wasiyoijua. "Asiyeelewa hudhani anatukanwa," alisema.

Hilo Bi Asya hakuhitaji kufunzwa. Walipofika nchi hii, yeye na mama yake walikuwa wakiingia dukani wakizungumza, na mwenye duka anakunja uso, anadhani anasengenywa. Mama yake alizoea kunyamaza kila akiona mlango wa duka.

Akaenda adhuhuri ya siku ya pili, Wiam yuko kazini. Wiam angemwambia ni shirki, na Bi Asya mwenyewe, ambaye hajawahi kuacha sala, alijua kwamba analokwenda kulifanya halina jina zuri. Akaenda hivyo hivyo. Jua liko utosini, barabara haina mtu, na uani hapakuwa na sauti ila ya mota ya kiyoyozi. Akaweka sahani penye mizizi. Akafungua mdomo kuomba msamaha, na kile Kiarabu chake alichokitumia kazini miaka yote hiyo kikamkwama. Herufi za kooni zilimtoka kwa shida, kama siku ya kwanza aliposhika simu na mtu wa upande wa pili akauliza huyu Mzanzibari kawekwa na nani. Akasema hakukusudia. Akasema yeye mgeni. Akasema wao wana watoto na yeye ana mtoto, na huyu mtoto hakushika sufuria, basi kama kuna deni ashikwe nalo yeye.

Mota ya kiyoyozi ikazima. Ndivyo inavyofanya, huzima na kuwaka. Lakini katika kile kimya Bi Asya alihisi kwamba anasikilizwa, jambo ambalo mtu aliyekaa kwenye simu maisha yake yote hawezi kulikosea. Kuna kimya cha laini iliyokatika na kuna kimya cha mtu aliyeshika mkono wa simu asiseme. Hiki kilikuwa cha pili. Alirudi ndani, na sahani aliiacha mpaka jua liliposhuka, akaikuta tupu. Ndege, bila shaka, au chungu.

Toka siku ile Kiswahili kikatoka katika ile nyumba. Hakuna aliyepiga marufuku, kilitoka tu, kwa sababu aliyekuwa akikisema aliacha. Bi Asya akawa anamwogesha Lamees kwa Kiarabu, anamlisha kwa Kiarabu, na nyimbo za kulalia akaacha kabisa, kwa kuwa za Kiarabu hakuzijua. Uani hakusema neno lolote. Maji ya wali aliyamwaga kwenye sinki, bomba zikalainika zikavuja, Yaqoob akazibadilisha akalalamika, naye akavumilia lawama. Baridi ikapita, joto likapita, baridi nyingine ikaingia, na mtoto hakusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na Bi Asya alilala kila usiku akiusubiri huo mshindo.

Hospitali walimpima masikio, masikio mazima. Wakawaandikia waende Nizwa kwa mtaalamu wa matamshi ya watoto, mwanamke wa Ayalandi aitwaye Nuala. Walipita Sinaw, wakapita Manah, Wiam anaendesha, Lamees nyuma anatazama milima. Nuala alikuwa mwanamke wa makamo, mwekundu usoni, mcheshi, akakaa chini sakafuni na mtoto na vikombe vya plastiki na mdoli, wakacheza muda mrefu. Kisha Wiam akaitwa kwenye simu ya kazini akatoka nje, wakabaki wakubwa wawili na mtoto, na Kiingereza cha Bi Asya, cha skuli ya Unguja, kilitosha na kubaki.

"Nani aliyekuwa akisema naye zaidi?" aliuliza Nuala.

"Mimi."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Na sasa?"

"Kiarabu."

"Kwa nini uliacha?"

Bi Asya alitazama mikono yake. Si jambo alilokusudia kumwambia mtu, sembuse mgeni, lakini pengine ni rahisi kumwambia mgeni. Akamweleza mti, maji, na maneno ya kuomba njia. Hakumweleza yote. Alitarajia kutazamwa kwa huruma, ile huruma ya wasomi, na badala yake Nuala alipiga mkono kwenye goti lake akacheka.

"Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Kila akimwaga maji mlangoni, lazima aite kwanza, wasije wakalowa. Watu wema, tuliwaita. Ukiwaita kwa jina lao wanakasirika. Na kwenye shamba la mjomba wangu kuna mti wa miiba umesimama peke yake, na trekta linauzunguka mpaka leo." Akafuta macho. "Tena kwetu kijijini sote tulikuwa tukisema Kiingereza, lakini bibi akimwaga maji alikuwa akiwaita kwa lugha ya zamani. Nikamuuliza, bibi, kwa nini si Kiingereza? Akasema wale hawakwenda skuli. Ukiwaambia kwa Kiingereza hawajui kama umewaambia wasogee."

Alikisimulia kama kichekesho. Hakuona kwamba uso wa Bi Asya umekuwa wa majivu. Watu wa nchi nyingine, dini nyingine, baridi na mvua, hawajawahi kuonana na Ghanima hata ndotoni, na wamelijua lile lile.

"Na mtoto akinyamaza?" aliuliza Bi Asya. "Kwenu walisemaje, mtoto akinyamaza ghafla?"

Kicheko cha Nuala kikaondoka taratibu. "Walisema si yeye. Walisema wamemchukua, wakaacha wa kwao mahali pake." Akamtazama Lamees, aliyekuwa akimnywesha mdoli maji ya uongo. "Watu waliwafanyia watoto mambo mabaya, ati yule wa kwao aondoke na wa kweli arudi. Wengine walikufa. Na walikuwa watoto tu, Bi Asya, wote walikuwa watoto wao wenyewe. Mrudishie Kiswahili chake. Ndiyo dawa yangu, sina nyingine."

Njiani Wiam alikuwa na hasira, na alizisema kwa mchanganyiko wake wa Kiswahili na Kiarabu. "Mama, yule daktari kaniambia. Lamees alikuwa na luga yake, we ukaiacha, khalas. Kwa nini?"

"Kiswahili changu kimezeeka, mwanangu."

"Mimi ulininyima, sikusema kitu. Yeye ulimpa, kisha ukamnyang'anya." Wiam alifuta pua kwa mgongo wa mkono, macho barabarani. "Haram, Mama, wallah."

Jibu lingemlazimu Bi Asya kusema yote. Akageuka kumtazama mtoto nyuma. Lamees alikuwa anamtazama yeye, bila ya kupepesa, na kwa mara ya kwanza lile neno la Nuala likampanda moyoni: si yeye. Walipofika akambeba, akamfunua sikio la kushoto, akatafuta alama ndogo nyeusi aliyozaliwa nayo. Ilikuwapo. Akaionea haya nafsi yake, akalia jikoni mgongo ameuelekeza mlangoni.

Sasa alikuwa amebanwa pande mbili. Akisema Kiswahili, atawakosea tena wale. Asiposema, mtoto atabaki bubu, na kosa ni lake pia. Usiku ule na uliofuata aliyapima, na hofu haikupungua hata chembe, ila alitambua jambo moja, kwamba hofu yote ile alikuwa akiijua yeye, na anayelipa ni mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtu anaweza kurudi pale pale yalipomwagika akasimama.

Ijumaa akapika biriani uani. Wiam alishangaa, akafurahi, akakata vitunguu kama zamani. Lamees alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na kikombe chake cha plastiki. Bi Asya alimsemesha Kiswahili asubuhi nzima, kwa sauti ndogo, akihisi kila neno linaanguka kwenye ardhi ya ua ule. Huu mchele. Hii iliki, nusa. Hebu sogea, mwanangu, moto. Mtoto alisikiliza, kichwa upande.

Wali ulipofika nusu kuiva akaubeba. Sinki lilikuwa karibu naye, na alilipita. Akaenda pale ukuta ulipopinda, akasimama mgongo kwa nyumba, uso kwa mti. Akasema bismillahi kwa sauti. Akawaambia kwa Kiarabu, taratibu, wakubwa kwa watoto, wote wasogee. Kisha, kwa ajili ya yule aliyekaa ngazini, akasema yale mengine, yote, kama yalivyosemwa Mkunazini:

"Tupisheni, wenyewe, yapite maji ya moto."

Akangoja, kadiri ya mtu kukusanya nguo zake.

"Tushapisha," ikasema sauti nyuma yake.

Ilikuwa sauti ya mtoto, safi, haina kigugumizi. Ukijibiwa, mwaga maji yako, shika njia uingie ndani, usigeuke. Alimsikia Bi Tamima kana kwamba amesimama naye pale. Akamwaga, kwa kuwa mikono haikuweza tena kushika. Maji yakaenda, mvuke ukapanda, na chini ya mti hapakutoka sauti yoyote. Njia ya kuingia ndani ilikuwa nyuma yake, na nyuma yake ndiko kulikotoka jibu.

Akageuka. Kama kuna adhabu ya kugeuka, alisema moyoni, basi na ije, huyu ni mjukuu wangu.

Lamees alikuwa amekaa pale pale. Miguu yake yote miwili ameikunja juu ya ngazi, na vazi lake amelikusanya kwa mkono, juu ya magoti, lisilowe.

Wiam alitokea mlangoni na kisu cha vitunguu, machozi yanamtoka, ya vitunguu na yasiyo ya vitunguu. "Kasema. Mama, kasema, nimesikia. Kasema nini? Tusha... nini, ya'ni?"

Bi Asya alimtazama binti yake. Wiam mpaka leo hajui kusema "tushapisha." Hilo ni neno la Unguja ya zamani, na katika nyumba hii, toka imejengwa, hakuna aliyewahi kulisema. Bi Asya alikuwa akiomba njia, hakuwa akijibu. Na lingekuwa la mtoto mmoja, lingekuwa "nishapisha."

"Kasema kasogea," akasema. "Kasogea, maji yasimfike."

Wiam akakitupa kisu kwenye sinia, akambusu mtoto kichwani, mashavuni, akakimbilia simu kumpigia Yaqoob. Sauti yake ilisikika ndani, anacheka na kulia. Bi Asya akaweka sufuria chini, akaenda, akachuchumaa mbele ya ngazi, magoti yakilia. Akamshika Lamees mikono, ikawa ya joto, ya kawaida, inanuka iliki.

"Sema nishapisha, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Wewe uko peke yako. Nishapisha."

Lamees alimtazama kwa subira, vile watu wanavyowatazama wazee wasiosikia vizuri. Akatikisa kichwa.

"Tushapisha, bibi."

Ndani, Wiam alikuwa akimwita Bi Asya alete mtoto azungumze na baba yake kwenye simu. Akamnyanyua, akamkumbatia kifuani kwa nguvu, na juu ya bega la mtoto akautazama mti.

"Ahsanteni," akasema, akaingia naye ndani.